Ukurasa Usiosomwa

Kila siku baada ya masomo, binti mmoja wa darasa la sita alikwenda ofisini kwa mama yake na kuketi kwenye kiti cha pembeni. Walikuwa wamehamia mji ule juzijuzi tu. Baba alifanya kazi mbali, na shuleni binti hakuwa bado na mwenzake wa kumwambia hata "twende".

Mama alitunza kumbukumbu za wagonjwa wa hospitali. Nakala zake ziliwekwa katika vituo vitatu vya data, kila kimoja mji wake, ili kimoja kikiharibika vingine viokoe. Kila kituo kilikuwa na ukurasa wake wa mipangilio: saa ya kunakili, mahali pa kupeleka, muda wa kuhifadhi. Mistari arobaini, mara tatu.

Ijumaa moja mama aliibadilisha mipangilio yote. "Mwanangu, nilinganishie karatasi hizi na kilichopo kwenye skrini," alisema, simu ikiwa sikioni. "Mstari ukiwa sawa, tia alama ya vema."

Kurasa mbili alizisoma. Wa tatu aliujaza alama za vema bila kutazama, ili wawahi nyumbani wakapige soga. Wapi! Njia nzima mama alikuwa kwenye simu.

Jumatano, mashine za kituo cha kwanza ziliungua. Mama akatafuta nakala za siku za karibuni kituo cha tatu. Patupu! Tangu Ijumaa kilikuwa hakijapokea kitu.

"Ni uzembe wa yule fundi wa kituo cha tatu," mkuu wa ofisi alifoka. "Leo atanitambua!"

Binti aliukumbuka ukurasa wa tatu. Akinyamaza, nani atajua? Lakini alimfikiria yule fundi, yuko peke yake huko, hana wa kumtetea.

"Si yeye," alisema kwa sauti ndogo. "Ni mimi. Ukurasa wa tatu sikuusoma."

Mama aliinuka. "Kazi ni yangu, mkuu. Mimi ndiye niliyembebesha mtoto mzigo huu."

Kweli, kwenye ukurasa ule mstari wa mahali pa kupeleka ulikuwa na kosa. Bahati nzuri, kituo cha pili kilikuwa na nakala kamili. Kufikia jioni kumbukumbu zote zilikuwa zimerudi. Kesho yake mama aliandika ukurasa mmoja wa mipangilio ya pamoja, wa kusomwa na mashine za vituo vyote. Kila kituo kikabaki na mistari miwili tu, jina lake na anwani yake.

"Kumbe iliwezekana?" binti aliuliza.

"Iliwezekana zamani. Niliuzoea ugumu tu." Binti akakiri kwamba aliharakisha ili wawahi kupiga soga. Mama akavuta kiti karibu naye. "Ulikosea, mwanangu. Usithibitishe usichokiona, maana kuna wagonjwa wanaotegemea alama zile. Lakini ulisema kweli, na fundi hakuonewa. Siku nyingine ukiwa mpweke, niambie waziwazi. Nami nitasikiliza."