Ramani ya Maduka Tisa

Jumatatu, saa kumi jioni. Chumba cha nyuma cha fundi baiskeli, Groningen.

"Tunaiba ramani," alisema Roelie.

Lammert alicheka mpaka akapaliwa na kahawa. "Ramani? Bibi, ramani zinauzwa stesheni, na kalamu wanakupa bure."

"Hii haiuzwi. Funga domo usikilize."

Roelie alikuwa na miaka sitini na mitatu. Kumi na tisa kati ya hiyo aliichorea ramani kampuni ya maduka ya Zevenkorf, mpaka siku walipomwonyesha mlango na kumkabidhi ua kwenye chungu. Alisukuma minyororo na matairi pembeni, akatandaza karatasi mezani.

Kuna programu, alieleza. Unailisha kila kitu. Mtaa una watu wangapi, wanapata kiasi gani, mshindani amekaa kona ipi, mama mwenye watoto wawili anakubali kuendesha gari dakika ngapi kufuata jibini. Programu inatafuna usiku kucha, asubuhi inatema nukta. Hapo ndipo jenga duka. Isogeze nukta mita mia mbili tu, ng'ambo ya mfereji, duka litakufa njaa.

"Baba yangu alichagua mahali pa duka kwa kuangalia akina mama wanasimama wapi kupiga soga," alisema Berend.

"Baba yako alifilisika mara mbili."

"Tatu."

Nukta zilikuwa tisa. Maduka tisa mapya ambayo Zevenkorf haijamnong'oneza mtu. Tajiri mmoja wa viwanja alizitaka, azinunue kona zote tisa kabla yao. Kompyuta yenyewe ilikuwa ghorofa ya tatu ya makao makuu, na haikufikiwa kutoka nje ya jengo. Lazima uingie kwa miguu yako.

Berend, kiongozi wao, alikuwa na miezi miwili tu tangu atoke lupango. Miaka sita aliila yote. Jaji alimwambia usoni: ukirudi mbele yangu, utatoka huna jino. Na Geeske, mkewe, alimngoja. Kila mwezi treni, kiti cha plastiki, dakika sitini, treni tena. Mchongo huu mmoja, kisha wahamie kisiwani, nyumba ndogo, kuku wachache. Hakutaka kitu kingine duniani.

"Shemeji anajua?" aliuliza Lammert. Ndiye dereva, rafiki wa Berend tangu darasa la kwanza.

"Anajua kesho nakwenda kung'oa jino."

"Basi mimi ndiye gari la wagonjwa." Lammert alimpiga begani. "Nakungoja mlangoni, kaka. Injini ikiwaka."

Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi.

Siku ya kuzaliwa ya mkurugenzi, na kwao hupongezwa kila mtu, si mwenye siku peke yake. Jengo zima lilikuwa chini kwenye ukumbi, limekaa duara, limeshika visahani. Berend aliingia na toroli la keki za tufaha, amevaa aproni nyeupe. Roelie alimfuata, kofia ya wavu kichwani, miwani ya marehemu mumewe usoni. Haoni mbele hatua tatu.

"Hongera kwa siku ya mkurugenzi!" Berend alimwambia msichana wa mapokezi.

"Hongera na wewe!" Wakashikana mikono. Hakuuliza kitambulisho. Nani anamuuliza keki kitambulisho?

Saa nne na dakika ishirini na mbili.

Ghorofa ya tatu. Tupu. Toroli waliliacha ukumbini, wakapanda na boksi moja la keki. Kufuli lilimchukua Berend sekunde tisini. Zamani lingemchukua arobaini.

"Vidole vimezeeka," alinong'ona.

"Fungua, acha kulia."

Roelie alivua miwani, akakaa. Akaandika neno la siri. Mashine ikafunguka.

"Hawajabadilisha," alisema. "Bado ni jina la paka wangu. Paka mwenyewe alikufa zamani."

Ramani ya kaskazini yote ilijaa kwenye kioo. Nukta tisa nyekundu. Roelie alichomeka diski. Dakika kumi na mbili. Katikati ya nyekundu zile, nukta ndogo za kijani ziliwaka na kuzimika kama vimulimuli.

"Hizo nini?"

"Wateja. Mtu akipitisha kadi ya punguzo kwenye kaunta, anawaka. Sasa hivi hivi."

Saa nne na dakika thelathini na moja.

Berend alipiga simu. Ikaita. Ikaita. Alikwenda dirishani. Pale lilipokuwa gari, bata wawili.

"Hayupo."

"Njagu wa barabarani wamemfukuza?"

"Kwenye maegesho halali?" Berend alipiga tena. "Amepotelea wapi huyu?"

Roelie alifikiri kidogo. "Ana kadi ya Zevenkorf?"

"Lammert? Yule hanunui kiberiti bila kadi. Siku ya kufa atauliza jeneza lina punguzo gani."

Roelie aliandika jina. Nukta moja ya kijani ikabaki. Duka la Helpman. Dakika nne zilizopita.

"Mimi nipo hapa na shingo yangu kitanzini, yeye yuko sokoni?"

"Subiri. Kila mteja ana mstari, kutoka dukani hadi kwake. Ndivyo tunavyojua duka linavuta watu wa wapi."

Lammert aliishi Beijum, kaskazini kabisa ya mji. Roelie alibonyeza. Mstari ulitoka dukani ukaenda kusini. Ukapita mtaa mmoja, wa pili, ukasimama.

Roelie aliondoa mkono kwenye kipanya. "Berend, mdogo wangu. Usitazame."

Alitazama. Mtaa wake. Namba arobaini na moja. Mlango wake.

"Mashine imekosea."

"Anwani huiandika mteja mwenyewe."

"Tangu lini?"

"Miaka minne."

"Leo amenunua nini?"

"Haina faida kuj—"

"Nini, Roelie!"

Alisoma taratibu. "Maua. Mikate ya siagi minne. Nyembe za kunyolea."

Berend aliketi juu ya meza. Mtu anayepita njia hununua maua. Nyembe huzinunua anayekaa.

Saa nne na dakika thelathini na nane.

Magari mawili ya polisi yaliingia uani bila king'ora. Diski ililia: tayari. Berend aliichomoa, akaisukumiza chini ya keki iliyobaki, akampa Roelie boksi.

"Shuka kwa ngazi ya ukumbini. Mpongeze kila mtu."

"Twende wote."

"Lammert hana ugomvi na wewe, dada. Nenda!"

Alikwenda. Kwenye ngazi alikutana na askari wanne wakipanda. "Hongereni!" alisema. Wa mbele akampisha. "Hongera na wewe, mama." Mkononi alishika picha moja tu. Lammert hakuliuza genge. Aliuza mtu mmoja.

Saa nne na dakika arobaini na tatu.

"Berend Tammens?"

"Ndimi."

Askari aliweka picha mezani, akalinganisha sura. Berend naye akaitazama. Pichani alikuwa jikoni kwake, fulana ya kulalia, kijiko mkononi, anacheka. Jumapili iliyopita. Mle jikoni walikuwa wawili tu, yeye na aliyeshika simu. Alimsikia tena: cheka kidogo, mume wangu.

Pingu zilifunga. Askari wa pili alifungua daftari.

"Anwani ya makazi?"

Kwenye kioo mstari wa kijani ulikuwa haujafutika.

"Sina."

"Hapa tumeandikiwa namba arobaini na moja."

"Nimekwambia sina," alisema Berend. "Pale pana mtu."