Tutafsirie Hiyo Karatasi, Mama Divine

Nina miaka thelathini na tisa, mama wa watoto watatu, nauza mawese hapa Rumonge. Msinionee huruma. Aibu yangu yote niliimaliza Jumatano moja, mbele ya televisheni ya jirani.

Jirani huyo ni Mama Saada. Ana duka la vitambaa, na nyuma ya duka iko sebule yenye televisheni kubwa. Kila siku saa kumi alasiri wanawake wa mtaa tulivua viatu mlangoni, tukakaa mkekani na thermos ya chai. Tamthilia zinakuja kwa Kifaransa, na mwenye Kifaransa pale nilikuwa mimi peke yangu, maana nilisoma Bujumbura mpaka darasa la kumi. Mama Saada alikulia dukani. Mama Konsolata, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, alirudi kutoka Tanzania baada ya miaka mingi ya ukimbizi. Kiswahili chake kimenyooka, ila Kifaransa hana hata cha kuombea maji. Basi nikawa mkalimani wao.

Mwaka huu ikaanza tamthilia mpya ya enzi za wafalme... majumba ya mawe, farasi, majoho ya dhahabu. Na nani yumo ndani? Mwigizaji wetu yule yule! Tulimpenda tangu alipocheza daktari maskini kwenye tamthilia ya zamani. Tulimwita Mkwe, kwa sababu kila mmoja alitamani amwoe binti yake. Alipotokea juu ya farasi, amefuga ndevu, Mama Saada alipiga vigelegele mpaka wateja wakachungulia.

Shida ilianza wiki ya pili. Safari hii Mkwe alipewa nafasi ya mtu mbaya. Alikuwa mwana wa mfalme mwenye mke mwema nyumbani na mwanamke mwingine mji wa pili. Akawa anamnyang'anya mkewe mali kidogo kidogo, leo pete, kesho farasi. Siku moja akamkaripia, "Nyamaza! Wewe ni nani katika nyumba hii?"

Wenzangu wakanigeukia. Anasema nini?

Nikajibu, "Anasema vita vimemchosha, anaomba amwombee dua."

Kwa nini nilidanganya? Nilijiambia nawahurumia, nisiwaharibie Mkwe wao. Uongo mtupu. Kazi hiyo nilikuwa nimeizoea, maana miaka miwili nilikuwa namtafsiri mume wangu vile vile.

Mume wangu, Baba Divine, alikuwa anakwenda Nyanza-Lac kila wiki. Watu wakiniuliza, nasema anafuata mawese. Akauza moteri ya mtumbwi wetu, nikasema imekufa. Akabeba cherehani yangu, nikasema nimemwazima dada yangu wa Kabezi. Nilijua ilikokwenda! Nilijua tangu siku nilipokuta kifulana cha mtoto mchanga kwenye mfuko wake, na kitinda mimba wangu ana miaka tisa. Cha nani, basi? Nikakikunja vizuri, nikakirudisha mfukoni, nikaenda kumpikia.

Ndiyo, nilimpikia.

Likabaki shamba la michikichi, njia ya Bugarama. Michikichi ile niliipanda kwa mikono yangu, nina mimba ya huyo huyo kitinda mimba. Ndiyo inayowasomesha wanangu. Bila shamba lile, Divine, mkubwa wao, angeacha shule akarudi nyumbani kukaa.

Jumanne akaniletea karatasi ya Kifaransa. Akasema ni mambo ya ushuru tu, niweke saini. Nikaisoma kuanzia juu hadi chini, na kila neno nililielewa. Alikuwa anauza shamba, na mnunuzi hakukubali bila saini ya mke. Mimi niliyesoma... unajua nilimjibu nini? "Sawa, kesho." Nilijiambia akishapata hili atatulia nyumbani.

Jumatano, Mkwe alimshika mkewe mkono kwa nguvu, akamlazimisha kugonga mhuri wake kwenye barua. Mke analia. Nikatafsiri kwamba wanamwandikia mfalme pamoja, na kwamba anampenda sana.

Mama Saada akaweka kikombe chini.

"Mama Divine, sisi Kifaransa hatuna, lakini macho iko. Mutu akimuvuta bibi yake hivyo, iko anamupenda? Wiki mingi unamufichia huyu mwanaume. Tulinyamaza tu."

Mama Konsolata akaongeza taratibu, "Na mumeo wa Nyanza-Lac unamficha pia, mwanangu. Mimi nauza ndagala kule kila Jumamosi. Cherehani yako naiona kibarazani kwa mwanamke wake."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema. Mimi niliumbuliwa na wanywa chai. Muda wote ule wao walikuwa wananisitiri mimi!

Sijafuta machozi, hodi. Baba Divine na karatasi yake, mnunuzi nyuma yake. Akawaamkia kina mama, amahoro, akasema anahitaji saini yangu mara moja, na wao watakuwa mashahidi.

"Mashahidi ya nini?" Mama Saada akauliza. "Sisi hatujui kuisoma. Mama Divine, tutafsirie hiyo karatasi."

"Waambie ni ya ushuru," mume wangu akasema. Alikuwa anatabasamu. Kilichoniuma kuliko cherehani, kuliko hata kile kifulana, ni vile alivyokuwa na hakika kwamba nitadanganya.

Nikasimama. Nikasoma sentensi ya Kifaransa, kisha Kiswahili chake, moja baada ya nyingine. "Inasema shamba la michikichi linauzwa lote. Inasema mimi na wanangu hatutadai kitu. Hapa inasema nimekubali kwa hiari yangu." Nikamtazama usoni. "Hiari hiyo sina."

Mnunuzi akaondoka bila kuaga.

"Nyamaza! Wewe ni nani katika nyumba hii?" Baba Divine akafoka. Maneno yale yale ya Mkwe, na haya hayakuhitaji mkalimani.

"Nyumba hii ni yangu," Mama Saada akamwambia. "Toka."

Akahamia Nyanza-Lac wiki ile ile. Sitawadanganya tena, niliumia. Divine hakusema nami mwezi mzima, akidai ningesaini baba yake angebaki. Wakwe zangu wananiita mwanamke wa kiburi. Na waniite. Michikichi iko pale pale, na watoto wako shule.

Saa kumi bado natafsiri, matusi na vitisho vyote kama vilivyo. Kina mama wanamlaani Mkwe, kisha wanasema jamani, anajua kuigiza. Yeye angalau ni kazi yake.

Dada zangu mnaosoma, nawasihi, msiwe wakalimani wa wanaume wenu. Akisema neno baya, liache lisikike hivyo hivyo. Majirani wana macho, na huwezi kujua ni nani kati yao anangoja tu ufungue kinywa akusaidie.

Karatasi ile ninayo mpaka leo, sandukuni, pale pa saini peupe.