Mtoto Niliyemnyamazia Mbele ya Karani

Nilimwona kwa macho yangu. Gumato, mtoto niliyekuwa nagawana naye uji, amesimama kwenye seng'enge na askari mwenye bunduki... ananyoosha kidole nyumbani kwangu!

Jamani!

Mle ndani, nyuma ya mikeka, alilala ndugu yangu Dagane. Alikuwa ametoroka kutoka kwa mashifta, waasi waliopigana na serikali, akiwa na risasi mguuni. Akikutwa, tumekwisha sote. Na Gumato alijua, maana ndiye aliyempelekea maji.

Ngoja niwaeleze. Ilikuwa 1967, kijiji tulichofungiwa na serikali nje kidogo ya Garissa. Gumato alikuwa yatima wa Kiborana, miaka minane. Miezi mitatu kwangu, hajaniita mama hata siku moja. Alilala na viatu miguuni.

Jirani yangu Arbia alishaniambia, "Saado, huyo atakuuza."

Nikaamini.

Ndiyo maana jana yake, karani wa serikali aliyeandikisha wakazi alipouliza nina watoto wangapi, nilimjibu:

"Sisi hapana hesabu watoto, karani. Sisi nataja majina."

Kwetu kuhesabu watoto ni kuwatafutia balaa. Nikataja niliowazaa, Yarow na Kinsi. Kisha nikanyamaza.

Gumato alikuwa kando yangu, anasikia. Asiyeandikwa angeondolewa kijijini Jumamosi. Nilijua hivyo, na bado nikanyamaza.

Sasa askari huyo anakuja, na karani, na Gumato mbele yao.

Nikasema moyoni, haya, leo ananilipa.

"Mama," karani akasema, "huyu mtoto anasema jana jina lake lilirukwa. Anasema hapa ni kwao na mama yake ni Saado. Ni kweli?"

Gumato alitazama chini.

"Kweli," nikasema. "Andika. Gumato, mtoto yangu."

Askari akasogea mlangoni. "Ndani kuna nani?"

Gumato akaniwahi.

"Hakuna mtu. Ni sisi tu, watoto wa Saado."

Karani akaandika. Wakaenda nyumba ya pili.

Niliona aibu, na hadi leo naiona. Miezi mitatu nilimngoja aniite mama, na mimi sikuwahi kumwita mwanangu hata mara moja.

Wewe unayelea mtoto wa mwenzio, unalalamika hakuzoei, unamchunguza kila anapogeuka... anza wewe. Yeye ameshaachwa mara moja, hawezi kutangulia.