Shadya, Mtani Wake na Mkataba wa Nyumba

Kila alfajiri Shadya alikuwa njiani kwenda sokoni, kichwani tenga la magimbi na mboga za milimani. Yeye, mumewe Abdulmajid na watoto wao walipanga chumba kimoja Mafiga, mjini Morogoro. Abdulmajid alilima mpunga Dakawa na kurudi mara moja moja. Alichovuna mume na alichouza mke kilikwenda kwenye jambo moja tu: nyumba.

Kiwanja kilikuwepo. Kilikuwa juu ya Kilakala, pale mlima unapoanza kuinuka, kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake Shadya. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo aliyemkabidhi alikuwa mjomba wake, mzee Abasi. Mjomba huyo huyo ndiye aliyemletea fundi.

Fundi aliitwa Anselmi. Ukoo wake na ukoo wa Shadya wana utani tangu enzi za mababu. Na utani wa kule si mchezo. Mtani akikutukana, unacheka. Akibeba kuku wako, unacheka. Siku ya msiba yeye ndiye anayechimba kaburi na kuwachekesha wafiwa. Kumkasirikia mtani ni aibu kwa ukoo mzima.

Siku ya kutia saini walikaa uani kwa mjomba. Mkataba wenyewe ulikuwa ukurasa mmoja wa daftari. Shadya akauchukua ausome. Hakuwa msomaji wa haraka. Alifuata maneno kwa kidole, moja moja. Anselmi akamtazama, kisha akawageukia watu waliokuwepo.

"Mwoneni huyu. Mimi ndiye nitakayemchimbia kaburi. Na kaburi nalo atataka tuandikiane?"

Uani pakalipuka kicheko. Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Shadya naye akacheka, maana angefanya nini? Akatia saini kabla hajafika nusu ya ukurasa.

Kazi ilianza kwa kasi. Msingi ukachimbwa, mawe yakapangwa, kuta zikapanda. Lakini kila Shadya alipofika, Anselmi alikuwa na ombi. Simenti imeisha. Nondo hazikutosha. Vibarua hawajala. Shadya alitoa. Akiuliza vile vya juzi vimekwenda wapi, anataniwa, watu wanacheka, na swali linakufa hapo hapo.

Kisha mvua za vuli zikateremka. Shadya alipopanda kwenda kuangalia, alikuta maji ya mlima yamepita chini ya kona ya nyumba na kuondoka na udongo. Kona ilikuwa imetitia. Ukuta ulipasuka kutoka chini hadi dirishani, ufa wa kuingiza vidole. Pale ulipofumuka, msingi ulionekana: safu mbili tu za mawe, zimekalia udongo laini.

Anselmi alikuwa ameketi kwenye tofali, anakula muhogo. Akautazama ule ufa. Akasema nyumba imemwona mwenyewe, ndiyo maana imetabasamu. Vibarua wakaangua kicheko. Akajifuta mdomo, akaagiza simenti nyingine ya kuuziba.

Shadya alikwenda moja kwa moja kwa mjomba, akamweleza. Mjomba akamwambia atulie. Mtani hakasirikiwi, ni mkosi. Basi hasira ikamkaa Shadya kooni kama mwiba wa samaki, haishuki wala haitoki.

Nayo hiyo hasira ndiyo aliyoingia nayo mjini, dukani kwa Mama Priya. Jina lake hasa ni Leela. Ni Mhindi mzaliwa wa Morogoro, na duka lao limeuza misumari na bati tangu kwa babu yake. Nyumba nyingi za mji ule ameziona zikianzia kwenye kaunta yake, na nyingine ameziona zikifia pale pale.

"Simenti tena?" Mama Priya aliuliza. "Dada, hamjafika hata kwenye linta ya juu ya madirisha. Unajenga nyumba au unajenga barabara? Hebu lete mkataba."

Shadya akautoa kwenye khanga. Mama Priya akausoma kwa sauti: "Fundi atajenga nyumba mpaka iishe. Mwenye nyumba atatoa vifaa na fedha kila vitakapohitajika." Akaugeuza nyuma. Patupu.

"Nani anasema vimehitajika?"

Mama Priya akajijibu mwenyewe.

"Yeye. Basi hapa umempa ruhusa ya kukuchuna, na umeitia saini kwa mkono wako."

Shadya akamweleza habari ya mtani na kaburi. Mama Priya hakucheka.

"Kaburi likiwa fupi, marehemu halalamiki. Wewe utalala mle ukiwa hai, na watoto wako pembeni."

Akavuta kiti, akamweleza taratibu. Mkataba uanze kwa kusema nyumba ipi, kwenye kiwanja cha nani. Kama ardhi ni ya ukoo, mkuu wa ukoo aandike kwamba amekubali. Kibali cha ujenzi cha manispaa kipatikane kabla ya jembe la kwanza. Ramani iambatanishwe. Msingi uandikwe kina chake na unavyojengwa, na kwenye mteremko iandikwe pia mfereji wa maji na ukuta wa kuzuia udongo. Iandikwe nani ananunua vifaa, nani anavilinda, na kila kinachotumika kihesabiwe na wote wawili. Malipo yafuate hatua: msingi ukikaguliwa, lipa ya msingi. Kuta zikifika linta, lipa. Fungu la mwisho libaki mpaka nyumba ipigwe na mvua. Tarehe ya kumaliza iwepo, na iandikwe kazi mbovu itarudiwa kwa gharama ya nani. Mashahidi wawe wa pande zote mbili.

"Na ukague kazi zake za zamani," akaongeza. "Usiulize ndugu zake. Waulize wanaolala ndani ya nyumba alizojenga."

Shadya alitoka bila simenti. Hasira sasa ilikuwa na miguu. Alipanda hadi mahali Anselmi alipokuwa anamjengea mtu mwingine, akachukua toroli lake, akatia ndani vyombo vyake vya kazi, pima maji, timazi na mwiko. Anselmi akapiga kelele nyuma yake. Shadya hakugeuka. Alisema tu, "Nimechukua, mtani," akasukuma toroli mpaka uani kwa mjomba.

Anselmi alifika akihema, jicho jekundu. Akamwita mwizi, akasema anakwenda polisi. Bibi mmoja wa ukoo, aliyekuwa anachambua mboga, akainua kichwa.

"Anselmi, umekasirika? Mtani hakasiriki."

Watu wakacheka. Safari hii Anselmi hakucheka. Shadya akamgeukia mjomba wake.

"Mjomba, utani huu ni wa kwake peke yake? Akinibomolea nyumba nicheke, nikimshika toroli ni mwizi?"

Mzee Abasi aliona aibu, na alistahili kuiona. Ndiye aliyemleta fundi, na ndiye aliyecheka zaidi siku ile. Mwishowe akasema utani una mahali pake, msibani na harusini. Nyumba si mahali pake. Akaamuru vyombo virudishwe pale pale, na kesho yake wote wakutane ofisi ya serikali ya mtaa.

Mama Priya aliposikia habari ya toroli alimkaripia Shadya. Angekuwa si mtani, alisema, leo wewe ndiye ungekuwa mahabusu. Ukidhulumiwa, anzia ofisini.

Abdulmajid alirudi kutoka Dakawa kwa ajili ya siku hiyo. Mwenyekiti wa mtaa akausoma mkataba mpya, ulioandikwa kama Mama Priya alivyoelekeza, polepole, kifungu kwa kifungu. Shadya akaomba ausome tena mwenyewe. Akaufuata kwa kidole, neno kwa neno, na watu wote wakamsubiri. Hakuna aliyetania. Anselmi alinuna, lakini alikuwa amekula malipo ya msingi, na kila mtu pale alishauona msingi wenyewe. Akatia saini. Mjomba akatia ya ukoo.

Kona ikabomolewa. Anselmi aliirudia bila ujira, akachimba mpaka kwenye ardhi ngumu. Shadya alishuka shimoni mwenyewe kuikanyaga kabla jiwe halijawekwa. Kibali kilikuwa kimetoka, na mfereji ukachimbwa upande wa mlimani.

Masika yakaja na vishindo vyake. Maji yalishuka meusi kutoka Uluguru, yakafuata mfereji, yakaipita nyumba. Nyumba ilikuwa imeezekwa, na familia imekwisha kuhamia.

Mvua zilipokatika, Anselmi alikuja kuchukua fungu lake la mwisho. Shadya hakumkaribisha kiti. Alizunguka nyumba yote, akipapasa kila kona, Anselmi akimfuata nyuma. Aliporidhika, akamlipa mbele ya mjomba, na Anselmi akatia saini kwamba amepokea.

Ndipo Shadya akasogeza kigoda.

"Haya, kaa, mtani. Kazi imekwisha. Sasa nitukane."