Kura za Watanzania wa Johannesburg

"Shoga, ni kweli umeomba tusikupigie kura?"

Sumaiya aliusoma ujumbe wa Mayasa mara mbili. Ndiyo kwanza ametoka jukwaani, jasho halijakauka. Chumba cha nyuma ya studio, huko Randburg, Johannesburg, kilijaa waimbaji wa mataifa ya Afrika, kila mmoja kaganda mbele ya runinga. Kura zilikuwa wazi, na muda uliobaki haukufika robo saa.

Akampigia palepale.

"Mayasa, nani kakwambia hivyo?"

"Nassir. Katuma sauti kwenye kundi letu la Watanzania wa Joburg. Anasema umemtuma wewe. Umechoka, kura tumpe dada wa Kongo."

"Nassir huyu mchumba wangu?"

"Kwani unao wangapi?"

Sumaiya akakaa chini. Shindano lile la uimbaji lina sheria moja kali: hakuna kuipigia nchi yako. Tanzania nzima mikono imefungwa. Lakini mwenye laini ya Afrika Kusini anahesabiwa wa Afrika Kusini, hata kama kazaliwa Tanga. Wauza nguo wa mtaa wa Fordsburg, madereva, wapishi, hao ndio waliokuwa tegemeo lake. Na kazi ya kuwahamasisha alipewa Nassir, kwa kuwa duka lake la simu linajulikana na kila Mtanzania. Fisi kakabidhiwa bucha.

Nassir mwenyewe alikuwa ukumbini, kwenye viti vya mbele vya ndugu wa waimbaji. Alipokea simu kwa sauti ya chini.

"Mpenzi, umeimba vizuri sana."

"Umewaambia nini watu kwenye kundi?"

"Huku kelele nyingi, sikusikii."

"Nassir, nakuuliza."

"Eish, Sumaiya. Tutaongea baadaye."

"Baadaye kura zimefungwa. Sema sasa."

Akashusha pumzi. "Sikutaka ujue hivi. Ni mama. Kasema mshindi anapelekwa ziara mwaka mzima, leo hoteli hii, kesho ile, na yeye hataki mkwe wa namna hiyo. Ukishinda, harusi hakuna. Ningefanyaje? Nimeona bora ukose taji kuliko mimi nikukose wewe."

Moyo ulimpasuka. Miaka minne kampenda mwanamume huyu, na Bi Zabibu, mama yake Nassir kule Tanga, alimheshimu kama mama aliyemzaa. Akiwaambia watu wampigie, ndoa imevunjika. Akinyamaza, wimbo alioupigania tangu utotoni unafia hapa hapa. Machozi yakamtoka.

"Da Sumaiya, iko nini?" Victorine, mwimbaji wa Kongo, alimshika bega. "Juu ya nini unalia? Kura haiyaisha bado."

Sumaiya akajifuta uso.

"Nassir, nampigia mama mwenyewe."

"Usimpigie. Sumaiya, nakuomba, usi..."

Akakata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona wanipigia saa hii? Tunakutazama hapa."

"Mama, nikishinda harusi haipo?"

"Nani kasema?"

"Nassir. Anasema wewe hutaki."

Nyuma ya Bi Zabibu zilisikika kelele za majirani.

"Sumaiya, mie nimekaa hapa na mtaa mzima. Tumeambiwa huku haturuhusiwi kukupigia, basi nimewapigia simu wadogo zangu wa Mombasa na Moroni. Nimewaambia asiyempigia kura mkwe wangu, harusini asikanyage. Huyo mtoto kanisingizia."

Machozi yalikauka. Sumaiya akafungua kundi la Watanzania, akarekodi.

"Ndugu zangu, ni Sumaiya. Sijamtuma mtu. Nataka kushinda. Nipigieni sasa hivi."

Sauti ilikuwa haijamaliza hata kuwafikia wote, mtangazaji akasema kura zimefungwa.

Kila nchi ilitoa alama zake, wa kwanza kwa kura akipewa kumi na mbili, wa pili kumi; Afrika Kusini ilitoa mwisho. Tanzania na Kongo walikuwa sare pale juu, na mtangazaji alivuta maneno hadi ungetamani kumpiga kofi. Alama kumi, Tanzania. Hapo hapo Sumaiya akajua, kwa maana kumi na mbili zilikuwa bado hazijatajwa. Zikaenda Kongo.

Lakini Mungu si Athumani. Kamera ilipotafuta wa kuhurumiwa, ikatua kwa Nassir, mchumba wa aliyeshindwa. Kwenye skrini kubwa ya ukumbi, ndani ya kila nyumba yenye runinga, akaonekana anatabasamu. Halikuwa tabasamu la kujikaza. Lilikuwa la mtu aliyetua mzigo.

Walikutana kwenye korido. Nassir alikuwa kapanua mikono.

"Pole, mpenzi. Ndivyo Mungu alivyopanga."

"Mama yako hahusiki, nimeongea naye. Niambie wewe. Kwa nini?"

Akatazama sakafu. "Ungeshinda usingerudi. Ungekutana na wakubwa huko. Mimi muuza simu tu."

"Nilishawaomba waandaaji ruhusa ya harusi, Nassir. Kabla hata sijapanda jukwaani. Wakakubali."

Nassir akamshika mkono. "Basi yameisha. Ziara hakuna tena, harusi iko palepale."

Simu ya Sumaiya ikaita. Bi Zabibu. Akaiweka kwenye spika.

"Mwanangu, nimemwona akicheka. Mtaa mzima umemwona. Sina pa kuweka uso wangu. Fanya utakavyoona, mie sitakulaumu."

Sumaiya akavua pete, akamwekea Nassir kiganjani, akamkunjia vidole kimoja kimoja.

"Harusi iko palepale, Nassir. Bibi harusi ndiye hayupo."

Akageuka, akaenda kumpongeza Victorine.