Baraka ya Mathurin

Benchi la mlangoni, kwa ndani, lilikuwa limelowa. Zamani ombaomba wapita njia walilala hapo. Sasa halikaliwi na mtu. Marjolaine alilipangusa, akaenda jikoni kukamua kitambaa, na aliporudi lilikuwa limelowa tena, linanuka udongo mbichi, ilhali nje ardhi ilikuwa imeganda tangu Novemba.

"Paa linavuja," alisema Réjean, baba yake, huku akikata pai ya nyama.

"Kwa baridi hii, baba?"

Bibi Alphonsine, mama yake Réjean, alilitazama benchi, kisha mjukuu wake. "Jana ulikuwa unayasema majina ya mababu?"

"Nilikuwa najifunza tu, Bibi. Ya leo."

Ilikuwa asubuhi ya Mwaka Mpya. Katika nyumba ile ya mawe kisiwani Orléans, kama kwingi Quebec, mtoto mkubwa humpigia baba magoti siku hiyo na kumwomba baraka. Marjolaine alikuwa mtoto pekee. Kwa miaka alikuwa ameufukua ukoo wao katika vitabu vya ubatizo, kanisa kwa kanisa, mpaka akamfikia Mathurin, aliyetoka Ufaransa na shoka akafyeka msitu pale pale walipoketi. Leo aliitaka baraka ya huyo, kwa ajili ya Élodie, mwanawe mchanga, aliyelala kitandani pake karibu na jiko.

"Mwache Mathurin alipo," alisema Bibi. "Baridi yake ya kwanza hapa, chakula kilipokwisha, alimtoa nje binti yake wa mwisho akafunga mlango. Akaketi hapo benchini akimsikiliza mpaka binti akanyamaza. Bibi yangu hakuruhusu jina lake litajwe theluji ikiwa chini."

"Hayo sijayakuta popote, Bibi."

"Angeyaandika nani? Yeye?"

Réjean alicheka. "Mama, mwaka jana ulisema paka wa jirani ana shetani."

"Na yuko wapi huyo paka?"

Marjolaine alipiga magoti. "Baba, tubariki kwa jina la Mathurin, aliyemzaa Gervais, aliyemzaa Toussaint," akashuka hivyo, jina kwa jina, asikosee hata moja, mpaka kwa Réjean, mpaka kwake, mpaka kwa Élodie.

Réjean aliinua mkono abariki. Mkono ukabaki hewani. Midomo yake ikageuka rangi ya ini, na sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Gervais."

Ubao wa sakafu mbele ya benchi ukalia.

"Toussaint."

Ukalia uliofuata, na juu yake ukajichora unyayo wa tope, kisha mwingine, kila jina hatua, katika mstari ule ule wa ukoo ambao Marjolaine alikuwa ameunyoosha kwa mikono yake, kuelekea jikoni, kuelekea kitanda kidogo, na harufu ya udongo ikajaa chumbani hata pumzi ikawa nzito kama kumeza matope.

Bibi alinyakua chupa ya maji ya Pasaka, yaliyotekwa kijitoni siku hiyo kabla ya jua kuchomoza ili kufukuza maovu, akazirushia nyayo. Yalianguka yakiwa barafu, yakabingirika sakafuni kama shanga.

"Si wa damu yetu mtoto huyo," Bibi alinong'ona. "Tulimwokota mjini."

Nyayo zikasimama kando ya kitanda. Blanketi la mtoto lilikuwa limeshainuliwa upande mmoja.

"Mama yake aseme," ilisema sauti ile kinywani mwa Réjean.

Marjolaine aliudaka uongo ule. "Si wangu," alisema. "Si wa ukoo huu."

Blanketi likashuka taratibu. Marjolaine akaanza kulia kwa shukrani.

"Basi binti wa mwisho ni wewe."

Marjolaine akamgeukia Bibi. Bibi alikuwa tayari amempakata mtoto, uso ameuelekeza ukutani, na Marjolaine akaelewa kwamba mwanamke yule alijua, kabla ya kuusema uongo wake, nani angechukuliwa.

"Bibi."

"Hatakosa kitu, mwanangu. Nenda."

Mkono uliolowa ukatua kichwani mwake, ukiwa mpole kama wa padri, ukamwinua, ukampitisha mlangoni bila viatu huku miguu yake ikimtii mwingine, na mlango ukafungwa nyuma yake, na theluji ikamdaka magotini isimwachie, akaupiga mlango kwa viganja, kisha kwa ngumi, kisha kwa kucha.

Ndani alimsikia baba yake akikohoa kama mtu aliyeamka.

"Nani anagonga, mama?"

"Upepo. Kula, pai inapoa."

Na nyuma ya mlango, karibu kabisa na sikio lake, benchi lililia kwa uzito wa mtu aliyeketi kusikiliza.