Madarasa Ambayo Candide Hakuyasoma

Zamani, kila asubuhi kabla ya kwenda kulima mihogo, Térence alimsikia binti yake Candide akisoma masomo yake kwa sauti. Siku hizi hakusikia kitu. Candide alikaa tu mbele ya daftari, machozi yakimdondoka.

Walikuwa wawili tu katika nyumba yao ya kupanga, mtaa wa Kilibula, Uvira. Kwao ni Sange, walikokuwa wakilima mpunga. Uasi wa mwaka 1964 uliwakimbiza. Nyumba iliteketea, na mama yake Candide alifia njiani. Térence hakubakiwa na tumaini jingine ila shule ya mtoto huyu. Sasa nayo ilikuwa inamponyoka.

"Papa, aljebra imenishinda," alisema Candide. "Mwalimu amesema, wenye watakosa mutihani ya Noeli watafukuzwa."

"Ongeza bidii!"

"Naongeza, Papa. Sioni kitu."

Térence aliondoka na jembe lake. Alijua kisa. Shule zilipofunguliwa tena mwaka 1966, madaftari ya majina yalikuwa yamechomwa. Kila mzazi aliulizwa kwa mdomo: mtoto amefika darasa la ngapi? Candide alikuwa ameishia la nne. Térence alisema amemaliza la sita. Vita vimetunyang'anya vya kutosha, alijiambia. Miaka hii miwili havitaipata. Basi Candide akaingizwa sekondari.

Jumapili, Mama Agathe, jirani yao, alikuja. Kabla ya vita alikuwa mwalimu wa shule ya misheni. Sasa aliuza samaki wadogo, ndagala, sokoni. Alimwona Candide analia, akaomba kibao na chaki. Akaandika: 8 + 4 = … + 5.

"Weka namba yenye inakosekana."

Candide aliandika 12 bila kusita. Térence naye aliona ni sawa kabisa.

"Juu ya nini umeandika kumi na mbili?"

"Nane na nne ni kumi na mbili."

"Na ile tano?"

Mama Agathe alichukua sahani mbili na maharagwe.

"Weye unazani hii alama inasema, andika jibu. Hapana. Inasema, sahani hii na sahani ile ziko sawasawa. Hapa nane na nne. Pale tano. Inakosa ngapi?"

Candide alihesabu. "Saba."

Mama Agathe aliweka maharagwe saba kando ya yale matano, akayafunika kwa kikombe. "Sasa sema hatujue chini ya kikombe iko ngapi. Mwalimu anaiita x. Toa tano hapa, toa tano na pale."

Candide alitoa. Upande mmoja kilibaki kikombe peke yake. Upande wa pili yalibaki maharagwe saba.

"Kumbe x njo hii tu?"

Mama Agathe hakufurahi bado. Alimwomba ajumlishe nusu na theluthi. Candide aliandika mbili juu ya tano.

"Ukiwa na nusu ya bugali, nikuongezee kipande, utabaki na kidogo kuliko nusu?" Kisha akamgeukia Térence. "Papa Candide, mutoto haiko mujinga. Lakini mambo ya darasa la tano na la sita haiko nayo. Alisomea wapi?"

Térence aliinamisha kichwa. "Hakusoma. Nilidanganya."

"Na mimi nilinyamaza," alisema Candide, "juu ya vile nilikuona unafurahi, Papa."

Maneno hayo yalimuumiza Térence kuliko fimbo.

"Enda kwa direktere, useme kweli," alisema Mama Agathe. "Arudi darasa la sita. Mimi nitamufundisha ya tano kila Jumapili."

"Na wakimufukuza?"

"Noeli watamufukuza tu, ukibaki unanyamaza."

Kesho yake Térence alimweleza mkuu wa shule yote, pamoja na maswali ya Mama Agathe. Mkuu hakukasirika. Alionekana mchovu tu. "Muko wengi wenye mulidanganya," alisema. Aliwapa wanafunzi wote wa darasa la Candide maswali hayo. Kati ya thelathini na mmoja, kumi na tisa waliandika 12. Waliopungukiwa kidogo walianzishiwa masomo ya mchana. Waliopungukiwa sana walirudishwa nyuma. Saba kati yao hawakuonekana tena shuleni. Wazazi wao waliona aibu.

Candide, msichana wa miaka kumi na tano, alikaa na watoto wadogo. Walimcheka, wakamwita bibi. Mara nyingi alirudi nyumbani akisema haendi tena. Térence alikaa naye tu, na kesho yake alimsindikiza mpaka mlangoni pa shule.

Mwaka uliofuata Candide aliingia tena sekondari. Katika aljebra alipata kumi na nne juu ya ishirini. Térence aliishika karatasi ya mtihani, akamkumbuka mkewe, akalia bila kujificha.

Jumapili moja, mbele ya kanisa, alikutana na Sévère, mtu wa kwao Sange. Sévère alikuwa anajisifu.

"Wa kwangu iko mu ya pili sekondari. Wa kwako?"

"Wa kwangu alirudi nyuma," alisema Térence. "Mimi mwenyewe njo nilimurudisha. Mama mumoja mwalimu alimufundisha kila Jumapili. Sasa anaelewa."

Sévère aliacha kucheka. Alitazama huku na huku, akamvuta Térence pembeni, akauliza kwa sauti ya chini:

"Ile mama mwalimu anaikala wapi?"